Askari Aliyeandikwa Juu Kabisa

Nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, simu ilipoita mfukoni. Aliyepiga alikuwa katibu wa chama chetu cha kusaidiana katika misiba, na sauti yake ilikuwa imeshajiandaa kwa habari anayoileta. Afande amefariki hospitalini, alisema. Kabla sijatoa pole akaongeza ombi: kwa kuwa mimi ndiye mwenye safu gazetini, niandike maneno mazuri machache ili watu wa nyumbani wajue wamempoteza mtu wa namna gani. Nilimjibu kwamba nitaandika. Kuhusu uzuri wa maneno sikumwahidi kitu. Wasomaji wangu wanajua kwamba hapa simtaji mtu kwa jina, awe hai au amekufa, na safari hii nina sababu zaidi ya desturi. Marehemu sikumpenda. Nilipewa miaka mingi ya kubadili mawazo, na yeye mwenyewe akanizuia. Isitoshe, kwa watu wa kijijini kwao kifo chake si habari. Kwao alishakufa zamani, akaliliwa, akaandikwa kwenye mnara wa saruji karibu na ofisi ya kijiji, na kila mwaka anawekewa maua.

Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi wa majengo ya kupanga huko Observatory, mtaa wa kilimani jirani na Yeoville. Alivaa sare ya kampuni kama walinzi wote, ila yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kofia hakuivua hata akila. Sisi Watanzania tulimwita Afande, na Wakongo na Warundi waliotuzunguka wakalichukua jina hilo wakidhani ndilo alilobatizwa. Alikuwa koplo katika vita vya kaskazini-magharibi mwa nchi yetu mwishoni mwa miaka ya sabini, ambavyo wasomaji wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Jumapili baada ya ibada alisimulia vita hivyo kwa yeyote aliyekuwa na nafasi ya kukaa. Hadithi zake zilikuwa na matope, mizinga, mito iliyofurika na magari yaliyoungua. Ilinichukua muda kutambua kilichokosekana: hazikuwa na watu wengine. Siku moja nilimuuliza walikuwa na nani pale mtoni. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mimi nilikuwa mbele," alisema.

Lazima niseme mimi nafanya kazi gani, maana inaingia katika hadithi. Natengeneza mota za mageti. Sikuisomea kazi hii; nilijifunza kwa kufungua mota zilizokufa na kusoma vijitabu vinavyokuja nazo kwenye maboksi, kamusi ikiwa magotini. Katika mji huu kazi haiishi. Mtu akipata nyumba hupata ukuta, akipata ukuta hupata geti, na akipata geti humtafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Mara nyingi mtu huyo ni mgeni, kwa sababu mgeni hukubali ujira ambao mwenyeji angeukataa. Hivyo kazi ya kuwazuia wageni imekuwa mikononi mwa wageni. Nilikuwa nikiliona jambo hilo kama kichekesho mpaka lilipotukuta.

Ilikuwa mwaka 2008, zile wiki ambazo wageni walipigwa, wakachomewa vibanda na kufukuzwa mitaani. Asubuhi nilikuwa Observatory kwenye geti la Afande, nikabadilisha meno ya plastiki ya mota yaliyolika na kuipaka reli grisi. Alasiri nilikuwa Yeoville nikimsaidia fundi cherehani mmoja, Mkongo, kuhamisha mashine yake, kwa kuwa mwenye chumba alimwonya aondoke kabla watu hawajafika. Walifika sisi tukiwa njiani. Tulisikia filimbi kwanza, kisha vishindo, na tukakimbia kupanda mlima kuelekea mahali pekee ambapo nilijua kuna ukuta mrefu na mtu anayenifahamu. Afande alikuwa amesimama ndani ya geti, rimoti mkononi. Geti lilikuwa wazi kiasi cha kupita gari moja. Mkazi alikuwa ametoka kuingia.

"Papa Afande, tuingishe," Mkongo alisema, mashine ikiwa begani. "Beko nyuma yetu. Batatuua."

"Nina amri," Afande alisema. "Asiye mkazi haingii."

"Afande, unanijua," nikasema. "Asubuhi nilikuwa hapa nikitengeneza geti hili hili."

"Asubuhi ulikuwa fundi. Sasa hivi wewe ni mtu wa nje."

Akabonyeza. Geti lilijifunga bila kelele hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimelifanyia kazi vizuri. Mimi niliruka mtaro na kujibanza nyuma ya duka. Mwenzangu hakutaka kuitupa mashine, na mashine ya chuma si mzigo wa kukimbia nao. Walimfikia kwenye kona. Walimvunja vidole vya mkono wa mkasi, na ingawa vilipona, havikurudi kukunjika. Baadaye alirudi kwao na leo anaishi kwa ndugu. Nilipokutana na Afande hali ilipotulia, hakuomba radhi wala hakukwepa macho yangu. Alisema askari mzuri hafungui geti kwa sababu ya sura ya mtu. Na wapo wenzetu, sitawasahau, waliotikisa vichwa na kusema kweli, jeshi ni nidhamu.

Nimeeleza hayo ili msomaji asidhani chuki yangu ilitokana na porojo. Lakini lililofuata halikunihusu mimi. Lilimhusu mwanamke mmoja mfupi, mfanyabiashara, anayekuja Johannesburg kwa basi kununua mapazia na mablanketi akauze nyumbani. Mwaka 2011 nilikuwa Fordsburg, mtaa wa maduka karibu na katikati ya mji, nikitafuta vipuri, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko ya Afande, yeye naye alikuwa huko. Kwenye hoteli ndogo iliyojaa watu wa sokoni tulikalishwa meza moja, wote watatu, kwa sababu hakukuwa na viti vingine. Mama yule aliposikia Kiswahili chetu alifurahi. Kisha akaanza kumwangalia Afande zaidi ya inavyopasa kumwangalia mtu anayekula.

"Samahani, kaka. Kwenu wapi?"

"Tanzania."

"Tanzania kubwa. Kwenu wapi?"

Afande akataja wilaya, kwa mdomo uliojaa. Mama akaiweka sambusa yake chini. Akataja kijiji. Afande akaendelea kutafuna. Mama akataja jina la baba yake mzazi, na hapo Afande aligeuza shingo kuutazama mlango.

"Wewe si tunakuwekea maua?" mama akasema.

"Maua gani?"

"Maua. Pale kwenye mnara, kila mwaka siku ya mashujaa. Mimi ndiye ninayeosha lile jiwe. Jina lako nimelisugua tangu nikiwa mtoto, nalijua kuliko la mume wangu."

Nilicheka, nikaona niko peke yangu. Afande alifuta vidole, kimoja kimoja. Nilitazamia akane, au ashtuke, au aulizie wazazi wake.

"Wameniandika?" aliuliza.

"Wamekuandika. Na ukoplo wako mbele ya jina."

"Wa ngapi?"

"Nini wa ngapi?"

"Kwenye jiwe. Nimeandikwa wa ngapi?"

Mama alimtazama. "Juu kabisa," alisema. "Chini yako yupo kaka yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliiweka sambusa chini. Kaka yake na Afande waliondoka kijijini siku moja, wakaingia jeshini pamoja na kupelekwa mbele pamoja. Taarifa iliyorudi ilisema kwanza kwamba wamepotea, baadaye ikasema wamekufa, na haikusema zaidi ya hapo. Mama mzazi wa kaka yule aliishi miaka mingi akiuliza mambo madogo ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuyajibu: alikufa mchana au usiku, alikuwa na njaa, ni nani aliyemfunika. Alipofariki alimwachia binti yake maswali hayo kama wengine wanavyoachiwa shamba. Na sasa binti alikuwa amekaa mbele ya mtu pekee duniani aliyeweza kujibu, naye alikuwa akila pilau.

"Kaka yangu alikufaje?" aliuliza.

"Vita, mdogo wangu. Vita ni vita."

"Vita navijua. Nauliza kaka yangu."

"Nilikuwa mbele," Afande alisema, akaomba chai.

Safari iliyofuata mama alikuja na picha ya mnara kwenye simu. Alidhani Afande akiliona jina la mwenzake limekaa chini ya lake, ulimi utalegea. Afande aliitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza, akaomba arushiwe. Kuanzia wiki ile ikawa hakuna mtu aliyekaa naye asionyeshwe. Maandishi ya juu ya mnara yako katika mistari miwili: wa kwanza unasema ASKARI WETU, wa pili unasema WALIOKUFA VITANI. Afande alijifunza kuishika simu kwa namna ambayo kidole gumba kinakaa juu ya mstari wa pili. Niliiona mara nyingi. Alikuwa akisema, "Kijijini kwetu nimewekewa mnara," na kidole kiko mahali pake. Watu walimpongeza. Mimi nilikitazama kile kidole.

Mama hakukata tamaa. Kila alipokuja mjini alipanda Observatory na kusimama nje ya geti, na wote wawili wakazungumza kati ya vyuma. Mara mbili nilikuwepo kwa kazi yangu, nikasikia.

"Leo nina shughuli," Afande alisema.

"Shughuli yako ni kusimama. Simama unijibu."

"Mambo ya zamani, mdogo wangu, yataleta faida gani?"

"Faida niachie mimi. Alikufa mchana?"

"Ukirudi kijijini, usiwasumbue watu na habari zangu."

"Wewe nijibu, mimi ninyamaze. Si unataka hivyo?"

Alitaka anyamaziwe bila kulipa kitu. Na kwa kweli mama alinyamaza. Nilimuuliza kwa nini hawaambii wanakijiji kwamba shujaa wao anakula pilau Fordsburg. Alinijibu kwa hesabu iliyonyooka kuliko zangu. "Nikisema, watampigia simu. Wakimpigia, atahama. Mtu akihama katika mji huu utampata wapi? Nikimpoteza huyu, ni nani mwingine ataniambia?"

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko yote, nalo ni neno moja. Kampuni ilileta mlinzi wa pili pale getini, mzee wa Afrika Kusini aliyeitwa Madala, kama wazee wengi wanavyoitwa hapa. Katika miaka ya kupigania uhuru wa nchi yake, Madala alikuwa mkimbizi kwetu Tanzania, na Kiswahili alichokipata huko kilikuwa kimeshika kutu lakini kilikuwa bado kinafanya kazi. Alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Siku yao ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kibodi ya vitufe vya geti, nikitoa sisimizi. Afande akatoa simu, akaonyesha picha, kidole mahali pake.

"Unaona? Mimi huyu. Mimi ni askari."

Madala aliyasoma yale maandishi makubwa. Tabasamu likamtoka usoni.

"Wewe unasema wewe askari? Kwa mdomo yako?"

"Ndiyo. Askari. Tangu ujana wangu."

"Eish," Madala alisema. Akarudi hatua nyuma. "Hapa mtu hasemi hivyo, baba. Hapa askari ni yule mwenzetu wa mapambano, makaburu walimkamata, wakampiga, akageuka. Halafu akarudi na polisi, akawaonyesha nyumba ambayo wenzake wamelala. Huyo ndiye askari."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza kwamba kwetu neno hili halina ubaya, kwamba ni mlinzi tu, au polisi, au mwanajeshi, kwamba tunalitumia kutwa. Mtu yeyote anayezungumza Kiswahili angesema hivyo, pengine kwa kucheka. Afande hakusema hivyo. Rangi ilimbadilika, akaishusha simu taratibu mpaka usawa wa paja.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

Madala alidhani anaulizwa kuhusu neno. "Kila mtu anajua," alijibu.

Afande akakaa kwenye kiti cha walinzi. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Geti liliita, mkazi akisubiri nje na gari, na hakuna aliyebonyeza mpaka nilipoinuka kulifungua mwenyewe. Baada ya siku ile sikumwona tena akionyesha picha ya mnara, wala kusimulia habari za mtoni. Aliomba ahamishiwe zamu ambayo hatakutana na Madala, akahamishiwa.

Tangu hapo nimelifikiria neno hilo kuliko nilivyowahi kulifikiria neno lolote. Tumelichukulia kama kiti cha jikoni, kila mtu hulivuta akalikalia. Anayelinda duka la mwenye mali usiku ni askari. Anayesimamisha magari barabarani ni askari. Waliobeba bunduki za wakoloni na kufa katika ugomvi ambao hawakuuanzisha walikuwa askari, na waliokufa wakitetea mpaka wetu ni askari vilevile. Neno moja linamtosha mlipwa na shujaa, na hatujawahi kuona haja ya kuwatenganisha. Kumbe neno letu lilitutangulia kuja huku kusini, likaingia kwenye vyumba ambavyo sisi hatukuviona, likapewa kazi ya kuwataja watu walioziuza roho za wenzao. Sisi tukaja baadaye na mabegi yetu, tukalitamka kwa mwenyeji kwa kujivuna, tukashangaa kwa nini anakataa kushikana nasi mikono. Walinzi wengi wa kwetu wamefanya kosa hilo. Nimemwona kijana wa Kigoma akijitambulisha hivyo kwenye usaili wa kazi. Alirudi na maana ya neno, bila kazi, na akacheka. Wasio na kitu cha kuficha hucheka.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Sikuwa vitani, na maneno mawili si ushahidi. Inawezekana mzee alishtuka tu. Inawezekana alikuwa mgonjwa tayari. Geti likikwama, siwezi kusema mota imeungua kwa sababu tu nimesikia harufu, nafungua, natazama. Huyu sikuweza kumfungua. Lakini nilijua nilichosikia, na nilijua hadithi zisizo na watu, na nilijua jinsi alivyolifunga geti alasiri ile ya 2008 bila kusita, kama mtu ambaye jambo hilo si la mara ya kwanza kwake. Na juu ya hayo yote kulikuwa na jiwe kijijini, lililoandikwa na watu wema ambao waliletewa taarifa nusu wakaimalizia kwa heshima. Sina ugomvi na heshima yao. Nina ugomvi na mtu aliyeijua taarifa yote na akauliza tu ameandikwa wa ngapi.

Maradhi yalimkuta majira haya ya baridi, mapafu. Mama alikuwa mjini kwa mizigo yake, akaenda hospitali, na mimi nikamsindikiza kwa sababu hajui njia. Afande alikuwa amekonda lakini akili yake ilikuwa kamili. Alinitambua, akaniuliza kama bado natumia grisi ile ile. Mama alivuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Kaka," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ile ya sambusa. "Sikuja kukugombeza. Sitasema kijijini. Jina lako litakaa palepale. Niambie tu, alikuwa peke yake?"

Afande aliitazama dari. Midomo yake ilifanya kazi, nikadhani sasa jibu linakuja. Akageuza uso kuelekea mahali tulipoingilia.

"Mmeacha mlango wazi," alisema. "Fungeni, baridi inaingia."

Mama akainuka. Akaurudisha mlango vizuri, akiwa upande wa nje.

Chama kilikutana siku mbili baada ya kifo, kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa huko Yeoville. Katibu alishapanga kila kitu. Mwili usafirishwe, alisema, bendera itafutwe, marehemu akazikwe chini ya mnara ambao jina lake limeandikwa, na mimi niandike gazetini ili viongozi wa wilaya wapate habari na wajitokeze. Watu walipiga makofi ya chini kwa chini, ya msibani. Mama alikuwa amekaa nyuma karibu na majiko. Alisimama, na kwa kuwa ni mfupi, wengine hawakujua kama amesimama.

"Mnampeleka wapi?"

"Nyumbani, dada. Akalale na mashujaa wenzake."

"Kule ameshazikwa," mama alisema.

Katibu alidhani hakusikia vizuri. Mama akaja mbele.

"Mimi natoka kijiji hicho. Kule ameshazikwa, na ameshaliliwa, na waliomlilia wengine nao wameshakufa. Mkimpeleka, watafungua jeneza wamkute mzee mwenye mvi. Watauliza alikuwa wapi. Mtasimama nani kujibu? Wewe?"

"Dada, marehemu ni marehemu."

"Ndiyo. Mzikeni hapa mlipomjua."

Katibu alikunja karatasi yake. Basi alizikwa hapa, kwenye makaburi ya pembeni mwa mji, ardhi ikiwa imekauka kiasi kwamba sururu zilitoa cheche. Watu walikuwa wachache. Madala alikuja na sare yake, ingawa sijui nani alimwambia. Fundi wa misalaba aliuliza aandike nini juu ya jina, na katibu, ambaye alitaka kitu kimoja tu kibaki katika mipango yake, akasema aandike Askari. Madala alitikisa kichwa. "Hapana. Hilo usiliandike hapa. Watu watapita." Msalaba una jina na miaka, basi.

Tulipokuwa tukirudi kwenye magari, mama alipunguza mwendo ili tubaki nyuma.

"Wewe umekaa naye miaka," alisema. "Hakuna alichokwambia?"

Nikamweleza habari ya geti na Madala, na neno letu lilivyo katika nchi hii, na yale maneno mawili. Alitaka niyaseme kama yalivyosemwa, si haraka zaidi wala polepole zaidi. Nikayasema. Alitembea nayo mpaka tukapita makaburi ya watoto.

"Nani kakwambia," alirudia. "Unadhani alikuwa akimfikiria kaka yangu?"

"Sijui."

"Na mimi sijui." Akafunga mtandio vizuri. "Mama alitaka kujua kama alikuwa na njaa. Sasa hata hilo sitalijua."

Sikuwa na la kumpa, na nikafanya kile ambacho wanaume hufanya wakikosa la kutoa: nikapendekeza hatua. Nilimwambia amweleze mwenyekiti wa kijiji, jina likwanguliwe. Alinitazama kama alivyomtazama Afande alipouliza ameandikwa wa ngapi.

"Nikwangue jina la mtu kwa maneno mawili?"

Katibu wetu ananyoosha maneno kuhusu marehemu mpaka yanang'aa. Mimi nilikuwa tayari kuchukua tindo. Sote wawili tulitaka jiwe liseme zaidi ya tunachojua. Mama huyu ndiye aliyedhulumiwa kuliko sisi sote, na ndiye pekee aliyekataa kuongeza hata herufi moja juu ya alichokiona kwa macho yake. Hilo ndilo nililojifunza katika msiba huu, na ndilo ninaloliandika badala ya maneno mazuri niliyoombwa: usichokijua, usikisifu na usikifute. Ila hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukitunza. Nilimuuliza, basi, mwaka ujao siku ya mashujaa itakuwaje, yeye akiwa ndiye mwosha jiwe.

"Nitaosha kama ninavyoosha siku hizi," alisema. "Naanzia chini. Nikifika kwa kaka yangu, nasimama. Mwenyekiti ameshaniuliza mbona juu kumeanza kuwa kijani. Nikamwambia mimi mfupi, mkono haufiki."

"Akasema nini?"

"Akasema ataniletea kigoda. Nikamwambia asijisumbue."